Vijiti, njegere na indlu: nyumba ya mabati iliyojengwa Durban mwaka 1958

Mwaka 1958 wanafunzi wa usanifu majengo wa Chuo Kikuu cha Natal, mjini Durban, Afrika Kusini, walijenga nyumba ya mviringo kwa mabati ya alumini. Aliyewaongoza alikuwa mgeni kutoka Marekani, Richard Buckminster Fuller, na nyumba hiyo ikajulikana kwa jina la Kizulu: indlu, yaani nyumba. Chimbuko lake lilikuwa mchezo wa watoto wa chekechea, wa kuunganisha vijiti vya kuchokolea meno kwa njegere.

Kabla ya kufika Durban, msikilizaji, chukua vijiti 6 vya kuchokolea meno vyenye urefu sawa na uviweke mezani. Chemsha bongo yenyewe ni ya zamani: kwa vijiti hivyo 6, bila kuvunja hata kimoja, tengeneza pembetatu 4 zilizo sawa. Wengi huvipanga na kuvipangua kwa muda mrefu. Hupata pembetatu 2 na kijiti kimoja cha ziada, kisha hudai kwamba fumbo halina jibu.

Anayeendelea kuvilaza juu ya meza bila kuvipishanisha hatafanikiwa hata akikesha. Jibu ni kuinuka. Vijiti 3 vinalazwa kuwa pembetatu ya chini, na vingine 3 vinasimamishwa kutoka kwenye kila pembe hadi vikutane juu. Hapo inapatikana piramidi ndogo yenye nyuso 4, na kila uso ni pembetatu. Ukiunganisha ncha zake kwa vipande vya njegere zilizolowekwa, unaweza kuisukuma kwa kidole upande wowote na haitayumba.

Sasa jaribu kutengeneza mraba kwa vijiti 4. Ukiusukuma pembeni unalala kama mlango wa kitalu uliolegea bawaba. Vijiti havikuvunjika wala kukatika, ila umbo limekubali kubadilika. Ongeza kijiti kimoja, kirefu kidogo, kutoka pembe hadi pembe, na mraba unatulia, kwa sababu umekwisha kuwa pembetatu 2.

Mwanasayansi wa Scotland, James Clerk Maxwell, aliliweka jambo hili katika hesabu mwaka 1864. Kanuni yake, kwa viunzi vya kawaida, ni nyepesi kiasi cha kufundishwa shule ya msingi: hesabu vifundo, zidisha kwa 3, kisha toa 6, na hiyo ndiyo idadi ndogo kabisa ya vijiti vinavyohitajika ili kiunzi kisimame imara. Piramidi yetu ina vifundo 4. Mara 3 ni 12, toa 6, zinabaki 6, na vijiti ni 6 kamili. Boksi lenye nyuso 6 za mraba lina vifundo 8, hivyo linahitaji vijiti 18, lakini kingo zake ni 12 tu. Vinapungua vijiti 6, yaani kimoja cha kukatiza kila uso. Ndiyo maana boksi la vijiti lililotengenezwa na mtoto huanguka, hata kama mtoto huyo ana mkono mwangalifu.

Bustani ya watoto

Mchezo huu uliingia darasani kwa mkono wa Mjerumani, Friedrich Froebel, aliyezaliwa mwaka 1782. Alipokuwa kijana alifanya kazi mjini Berlin akipanga mawe ya madini, na huko alijifunza jinsi fuwele zinavyokua kwa nyuso zilizonyooka na pembe zinazojirudia. Mwaka 1837, katika mji mdogo wa Bad Blankenburg, alianzisha kituo cha kulea na kufundisha watoto ambao bado hawajafikia umri wa shule. Miaka mitatu baadaye akakiita Kindergarten, bustani ya watoto.

Froebel aliwapa watoto vifaa alivyoviita zawadi: mipira ya sufi, vipande vya mbao, karatasi za kukunja, na kuendelea hadi 20. Katika orodha iliyozoeleka, ya 19 ilikuwa kazi ya njegere. Njegere kavu hulowekwa maji mpaka zilainike, kisha mtoto huzichoma kwa vijiti vyenye ncha kali na kujenga chochote anachokitaka, iwe kiti, nyumba au nyota. Zikikauka tena, njegere husinyaa na kuvibana vijiti kwa nguvu, na jengo linaweza kukaa kabatini kwa muda mrefu.

Msikilizaji wa Afrika Mashariki aliyekulia shamba hahitaji kuelezwa zaidi. Watoto wa huko huchukua mabua ya mtama au mahindi, hubandua ganda, na kuunganisha vipande kwa miiba au kwa njiti za ganda lenyewe, hadi wapate gari, miwani au ng'ombe wa kulimia. Bua jepesi hufanya kazi ya njegere na mwiba hufanya kazi ya kijiti. Hakuna mwalimu aliyewapangia kwamba hiyo ni zawadi ya 19.

Serikali ya Prussia haikufurahishwa na bustani za Froebel. Mwaka 1851 ilizipiga marufuku, ikizituhumu kueneza ukafiri na ujamaa. Froebel alifariki mwaka uliofuata, na marufuku hayo yaliondolewa mwaka 1860. Wakati huo wahamiaji wa Kijerumani walikuwa wamekwisha kuvuka bahari na mbinu zake. Mmoja wao, Margarethe Schurz, alifungua chekechea katika mji wa Watertown, jimbo la Wisconsin, mwaka 1856, na mwaka 1860 Elizabeth Peabody akafungua nyingine mjini Boston.

Boston huohuo ndiko alikotoka mfanyabiashara Charles Forster, ambaye katika miaka ya 1860 na 1870 alifanya vijiti vya kuchokolea meno kuwa bidhaa ya mashine. Kabla ya hapo, vijiti hivyo vilichongwa kwa kisu. Mashine zilizofanana na zile za kutengeneza vijiti vya kushikilia soli za viatu zilianza kuvimwaga kwa mamilioni kutokana na miti ya jimbo la Maine. Hivyo mwalimu wa chekechea akapata dukani, kwa bei ndogo sana, nguzo na boriti za majengo ya darasa lake.

Mtoto asiyeona vizuri

Buckminster Fuller alizaliwa tarehe 12 Julai mwaka 1895 mjini Milton, jimbo la Massachusetts, si mbali na Boston. Macho yake yalikuwa mabovu tangu kuzaliwa, na hakupata miwani hadi alipofikisha umri wa miaka 4. Kwa simulizi yake mwenyewe, aliyoirudia maisha yake yote, siku moja mwaka 1899 mwalimu wa chekechea aliwagawia watoto vijiti na njegere na kuwaambia wajenge nyumba. Watoto wenye macho mazuri walijenga maboksi, kwa kuwa nyumba walizoziona mitaani zilikuwa maboksi. Fuller, aliyezoea kupapasa kuliko kutazama, alisukuma na kuvuta hadi akasikia kwa vidole umbo lisiloyumba. Alikuwa ametengeneza safu za pembetatu zilizoshikana, na mwalimu akawaita wenzake waje kuona.

Simulizi za watu mashuhuri kuhusu utoto wao huwa na sukari kidogo. Hata hivyo hati zipo. Mwaka 1961 Fuller alipewa hataza nchini Marekani kwa kiunzi cha ujenzi chenye mpangilio huohuo wa piramidi zilizoungana. Mwaka 1954 alikuwa amekwisha kupata hataza ya kuba ya jiodesiki, yaani kuba iliyogawanywa katika pembetatu nyingi ndogo, ambayo uzito wa sehemu moja husambazwa katika kiunzi kizima. Wazo la kuba ya aina hiyo halikuwa lake pekee. Mjerumani Walther Bauersfeld alijenga moja mjini Jena katika miaka ya 1920 kwa ajili ya kuonyeshea nyota. Fuller ndiye aliyelipigia debe duniani kote, kwa mihadhara iliyoweza kudumu saa nyingi.

Jeshi la Marekani lilipenda wepesi wa makuba hayo. Mwaka 1956, kwa ajili ya maonyesho ya biashara mjini Kabul, Afghanistan, kuba yenye upana wa mita 30 hivi ilisafirishwa kwa ndege na kusimamishwa na vibarua wa hapohapo katika muda wa saa 48. Hawakuwa wamewahi kuona ramani yake. Vipande vilitiwa rangi, na kazi yao ilikuwa kuunganisha rangi na rangi, kama watoto.

Mgeni Durban

Fuller alifika Durban miaka miwili baadaye. Idara ya usanifu majengo ya Chuo Kikuu cha Natal ilikuwa bado changa, na chuo chenyewe kilikaa juu ya kilima, kikitazama mji na bandari. Wanafunzi waliomzunguka walikuwa Wazungu. Waafrika na Wahindi waliosajiliwa na chuo hicho walifundishwa mbali nao, katika kitengo kilichotengwa kwa ajili ya "wasio Wazungu", na mwaka 1959 bunge lilipitisha sheria iliyozidi kuwafungia milango ya vyuo vya Wazungu kote nchini.

Swali walilopewa wanafunzi lilikuwa la nyumba ya bei nafuu kwa Waafrika. Jibu lao, pamoja na mgeni wao, lilikuwa kuchukua mabati ya alumini yenye migongo, yale ya kuezekea, na kuyapanga kwa hesabu ya jiodesiki hadi yajibebe yenyewe, bila nguzo ndani na bila kuta. Bati lilikuwa ukuta, paa na kiunzi kwa wakati mmoja. Umbo lililotokea, la nusu tufe lililokaa chini, halikuwa geni kwa mtu yeyote aliyesafiri mashambani Natal. Lilifanana na nyumba ya jadi ya Wazulu, iqhugwane.

Msikilizaji wa Kagera atakumbuka msonge wa Wahaya, uliofunikwa nyasi kutoka kileleni hadi ardhini. Iqhugwane ni ndugu yake. Wanaume walikata fito nyembamba na ndefu, wakazichomeka ardhini kwa kuzunguka duara, wakazikunja hadi zikapishana na zile zilizotoka upande wa pili, na kila zilipopishana wakazifunga kwa kamba. Wanawake walikata nyasi, wakaezeka na kusuka mikeka ya kufunika. Mlango ulikuwa mfupi, na kila aingiaye aliinama. Katikati palikuwa na meko, na sehemu ya nyuma, umsamo, iliwekwa kwa ajili ya wahenga.

Ukiitazama iqhugwane kwa macho ya Maxwell, hesabu haitimii. Fito zinazopishana hufanya miraba, na miraba huyumba. Lakini fito hazikuwa vijiti vikavu. Zilikuwa mbichi, zimekunjwa kama upinde na kukazwa katika mamia ya vifundo, hivyo kila fito ilivutana na jirani zake. Iliyovunjika ilibadilishwa, na kosa la shibiri moja halikuharibu kitu. Kiunzi kilikuwa chepesi kiasi kwamba familia ilipohama, kundi la watu liliweza kukiinua na kukibeba. Kuba ya Fuller haina uvumilivu huo: kipande kimoja kikikatwa kwa kipimo kisicho sahihi, kosa husafiri hadi upande wa pili. Kwa upande huu mafundi wa Kizulu walikuwa mbele ya mgeni wao, ingawa hakuna hataza iliyoandikwa kwa jina lao.

Kuna jambo jingine ambalo bati halikuweza kulibeba. Indlu kwa Kizulu ni jengo, na pia ni ukoo: mke, watoto wake na haki zao ndani ya boma la mume. Serikali ya kikoloni ya Natal ililielewa hilo mapema. Mwaka 1849 ilianza kutoza kodi ya kibanda, shilingi 7 kwa kila nyumba, na mwaka 1875 ikaifanya kuwa shilingi 14. Mwenye wake watatu alilipia nyumba tatu. Ili kupata fedha hizo vijana walilazimika kwenda kufanya kazi za ujira, na wengi wao waliishia bandarini Durban. Kufikia mwaka 1958 wajukuu wao walikuwa wakaazi wa mji ambao haukuwataka walale ndani yake.

Kilomita chache kutoka chuoni

Chini ya kilima cha chuo, upande wa magharibi, kilikuwako kitongoji cha Cato Manor, ambacho wakaazi wake Waafrika walikiita Mkhumbane. Sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa mali ya Wahindi waliolima mboga na kukodisha viwanja. Katika miaka ya 1950 inakadiriwa kwamba watu wanaofikia 120,000 waliishi humo, katika nyumba za fito na udongo, mbao za makasha, na mabati yaliyopindwa na kupigiliwa upya. Hawa ndio waliokuwa wajenzi wakubwa wa nyumba nafuu mjini Durban, na hawakusoma usanifu mahali popote.

Mwezi Juni mwaka 1958, mwaka uleule wa indlu ya alumini, maeneo ya Durban yaligawanywa rasmi kwa misingi ya rangi chini ya sheria ya maeneo ya makundi, na Cato Manor ikatengwa kwa Wazungu. Tangu mapema mwaka huo watu walikuwa wamekwisha kuanza kuhamishiwa KwaMashu, kilomita 20 hivi kaskazini mwa mji, kwenye ardhi iliyokuwa mashamba ya miwa. Jina lenyewe ni la tajiri wa sukari, Marshall Campbell, kwa matamshi ya Kizulu.

Nyumba zilizowangoja huko zilitokana na utafiti pia. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Ujenzi, mjini Pretoria, ilikuwa imepima na kuhesabu gharama za matofali, madirisha na jasho la vibarua, na ikatoa michoro iliyopewa namba NE 51. Herufi hizo zilimaanisha wasio Wazungu, na 51 ni mwaka 1951. Mchoro mmoja uliojengwa kwa wingi nchini, NE 51/6, ulikuwa na vyumba 4, pamoja na jiko, katika eneo la takriban mita 40 za mraba, na choo nje. Watu waliziita nyumba za kiberiti, na mtu akizitazama kutoka kilimani, zimepangwa safu kwa safu, anaelewa kwa nini. Kwa bahati, viberiti vya Simba vilivyouzwa nchi nzima vilitengenezwa humohumo Durban, kwenye barabara ya Umgeni.

Hivyo mwaka mmoja, katika mji mmoja, palikuwa na majibu matatu kwa swali la nyumba nafuu: kuba ya pembetatu chuoni, boksi la tofali KwaMashu, na kibanda cha fito na mabati Mkhumbane. Boksi ndilo lililoshinda, na ushindi wake hauwezi kuelezwa kwa hesabu ya vijiti. Safu za maboksi ni rahisi kuzihesabu, kuzitoza kodi na kuzilinda kwa gari la polisi. Fuller aliamini kwamba tatizo la makazi ni la uzito na mali ghafi, kwamba nyumba ikiwa nyepesi na ya bei ndogo kila mtu ataipata. Katika chemsha bongo ya vijiti 6, meza ni ya mchezaji. Durban mwaka 1958 ilikuwa ikipigania meza yenyewe.

Mapigano hayo yalionekana upesi. Mwezi Juni mwaka 1959 wanawake wa Cato Manor walivamia kilabu cha pombe cha manispaa, wakipinga misako ya pombe waliyoipika wenyewe na kuhamishwa kwao. Tarehe 24 Januari mwaka 1960 polisi 9 waliuawa katika msako kitongojini humo. Uhamishaji uliendelea hadi katikati ya miaka ya 1960, na mabuldoza yakasawazisha vibanda.

Makuba yaliendelea kwingine. Lile la Marekani katika maonyesho ya dunia ya Montreal mwaka 1967 lilikuwa na upana wa mita 76, na likampatia Fuller umaarufu aliokuwa nao hadi kifo chake mwaka 1983. Vijana wa California waliyajenga kwa mikono katika miaka ya 1960 na 1970, wakifuata vitabu vya Lloyd Kahn vya mwaka 1970 na 1971. Kahn mwenyewe baadaye aliyakana: mvua ilipenya kwenye maungio, kabati la mraba halikukaa kwenye ukuta wa mviringo, na kugawa vyumba kulikuwa adhabu. Malalamiko hayo yangeweza kutolewa bure na mama yeyote wa Kizulu ambaye familia yake ilikwisha kuacha iqhugwane na kujenga nyumba ya ukuta wa duara na paa la pia.

Chuo Kikuu cha Natal kiliunganishwa na kile cha Durban-Westville mwaka 2004, na kikawa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal. Ardhi ya Cato Manor, iliyotwaliwa kwa ajili ya Wazungu, kwa sehemu kubwa ilibaki pori kwa miaka mingi. Kuelekea mwisho wa utawala wa ubaguzi wa rangi watu walianza kurudi kidogokidogo, wakichagua kiwanja usiku, na alfajiri ikawakuta wamekwisha kusimamisha fito, mbao na mabati. Shirika la kuendeleza eneo hilo liliundwa mwaka 1993, likawakuta wamekwisha kujenga.